Kikombe cha Nje ya Jiko

Mtaa Darasani
Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo
5 Mei 2025

Bibi Shanta,

Shikamoo.

Jina langu Swaumu Bushiri. Nilifundisha historia miaka kumi na miwili, sasa niko na mradi mdogo tunaouita Mtaa Darasani. Tuko watu wanne, meza mbili na sanduku moja la mbao. Tunazunguka shule za msingi za Kariakoo, Ilala na Upanga kuwaeleza watoto jinsi mji huu ulivyogawanywa kwa rangi za watu, na jinsi watu wenyewe walivyoishi ndani ya mgawanyo huo. Mjukuu wako Hinal alihudhuria semina yetu moja, akaandika jina lako kwenye fomu. Ameniambia simu huzipendi kwa sababu ya masikio. Sisi hilo halitusumbui, maana utaratibu wetu ni barua kwanza. Mzee hasimami mbele ya darasa kabla hatujaandikiana, na barua anazoruhusu tunawasomea watoto. Tuliamua hivyo baada ya mzee mmoja kuja kuzungumzia ubaguzi, akaishia kuzungumzia mpira saa nzima.

Wiki iliyopita tulichora ramani kwa chaki uwanjani: Uzunguni, Uhindini, huku kwetu, na Mnazi Mmoja katikati umeachwa wazi ili watu wasigusane. Msichana mmoja wa darasa la sita, Anaeli, akaenda kusimama kwenye Mnazi Mmoja wa chaki, akauliza, "Sasa mtu akitaka kumtembelea rafiki yake?" Swali lake nakuletea wewe. Mwingine ameandika kwenye karatasi, nami nimeahidi kukufikishia bila kupunguza neno: "Kwa nini sisi tunawaita magabacholi na nyie mnatuita golo?"

Tunaomba uje Ijumaa ya tarehe 30, saa nne asubuhi. Kabla ya hapo utuandikie kidogo juu ya utoto wako, na kama unacho kitu cha zamani cha nyumbani utuazime kiingie kwenye sanduku.

Wako kwa heshima,
Swaumu Bushiri

*

Upanga
8 Mei 2025

Mwalimu Swaumu,

Marahaba, mwanangu. Kutoka kwako hadi kwangu ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, nawe umeniandikia kama niko Bombay. Bombay sijawahi kufika. Nimefurahi hata hivyo. Watu siku hizi hunipigia kelele sikioni, hakuna anayeniandikia.

Baba yangu, Jamnadas, alikuwa na duka la vitambaa Mtaa wa Msimbazi, nasi tulilala juu ya duka. Mwambie Anaeli kwamba watu hawakutembeleana. Walikuja kufanya kazi, jioni wakaondoka. Shule niliyosoma ilikuwa ya Wahindi watupu, na nilidhani watoto wa Kiafrika hawapendi shule. Huyo wa swali la pili ameuliza vizuri. Neno lile lilikuwepo nyumbani kwetu. Mama alilitamka kama wewe unavyosema "yule". Mimi nililiacha nilipoanza kusimama dukani mwenyewe na kujua majina ya wateja.

Ndani ya gazeti aliloleta Hinal kuna kikombe cha bati cha buluu, rangi imebanduka ukingoni. Ni kikombe cha Uledi. Uledi alikuwa boi wetu, mtu wa Rufiji, mrefu, mpole. Mvua ikinyesha alinibeba mgongoni kunipeleka shule. Mama alimtengea kikombe chake mwenyewe. Kilikuwa na msumari wake ukutani, nje ya mlango wa jiko, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa, hata baba. Nataka watoto wajue kwamba hata enzi zile palikuwa na mapenzi na heshima kati yetu. Mkiandika kibandiko andikeni hivi: Kikombe cha Uledi, aliyeheshimiwa nyumbani kwa Jamnadas.

Nitakuja. Niwekeeni kiti chenye mgongo.

Shanta Shashikant

*

Kariakoo
10 Mei 2025

Dada Zena,

Tanga hamjambo? Nimempa dereva wa basi bahasha hii kwa sababu simu yangu siku hizi inakaa kwa baba, anasikilizia taarifa ya habari. Akikuta jina la babu humo, Buguruni hapatakalika.

Nimempata mtoto wa Jamnadas. Yule yule wa Msimbazi. Mjukuu wake alijaza fomu yetu, nilipoona ameandika bibi yake ni binti wa Jamnadas wa Msimbazi nikaenda kunywa maji mara mbili. Kisha nikaandika barua ya adabu kama mtu asiyejua kitu, nikatia sahihi Swaumu Bushiri. Si unajua vyeti vyetu mimi na wewe vinaishia hapo, jina la Uledi halimo, baba alihakikisha. Basi bibi wa watu hajui anaandikiana na nani.

Ameleta kikombe cha babu. Nimekishika. Anasema kilitundikwa nje ya jiko kwa heshima, na kwamba hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Zena, kilitundikwa nje kwa sababu mdomo wa babu haukutakiwa ndani. Somo hilo nalifundisha mwenyewe, lipo kwenye daftari langu. Watoto walipokiona walifurahi. Anaeli akasema, "Kumbe huyo babu alipendwa." Mimi mwalimu wa historia sikumsahihisha.

Lakini kinachoninyima raha ni sukari. Tumekua tukijua kwamba babu alifukuzwa kwa Jamnadas kwa kuiba sukari, Uhindini nzima ikakataa kumpa kazi, akamaliza maisha akibeba magunia sokoni. Na baba hadi leo nusu ya Kariakoo inamwita Fundi Sukari. Vijana wanadhani anasifiwa kwa ushonaji. Wewe unajua anavyokaza taya akiitwa. Sasa yupo mtu mmoja aliye hai aliyekuwa ndani ya nyumba ile. Ana miaka sabini na minane, baba ana sabini na mitano. Nataka aniambie kama babu aliiba au hakuiba, basi, sitaki lingine. Nikichelewa, mmoja wao hatakuwepo.

Siwezi kutulia. Nasahihisha karatasi za watoto huku nimesimama.

Mdogo wako,
Swaumu

*

Tanga
13 Mei 2025

Mdogo wangu Swaumu,

Nimeisoma barua yako nikiwa jikoni, wali ukaungua.

Nikuulize. Huyo bibi akisema ndiyo, aliiba, utarudi Buguruni na nini mkononi? Baba ameishi na aibu hiyo miaka sabini, na juu yake amejenga nyumba, ametusomesha, amezika mke. Wewe unataka kuchimbua msingi uone kama ni mawe au mchanga. Mchimba kisima huingia mwenyewe, usije ukasema hukuambiwa.

Na kama huwezi kuacha, maana nakujua, basi mwambie bibi wa watu wewe ni nani. Kumpekua mtu huku umejifunika uso si tabia tuliyolelewa nayo.

Zena

*

Kariakoo
14 Mei 2025

Bibi Shanta,

Shikamoo. Kikombe kimefika salama, na watoto wamekizunguka kama kina asali. Kibandiko bado hatujakiandika, kwa sababu wameuliza swali na sisi hatuandiki kibandiko kabla maswali hayajajibiwa. Wanauliza: Uledi aliishia wapi? Kama aliheshimiwa hivyo, kwa nini hakukaa mpaka uzeeni?

Nasi tungependa kujua.

Wako,
Swaumu Bushiri

*

Upanga
17 Mei 2025

Mwalimu Swaumu,

Uledi aliondoka mwaka wa hamsini na tano. Palitokea maneno juu ya sukari. Mambo hayo ni ya watu wazima na wote waliohusika wameshakufa, sioni kwa nini watoto wa darasa la sita waelezwe. Waambieni alizeeka akarudi Rufiji. Uongo mdogo kama huo hauumizi mtu.

Mwalimu mkuu wenu, Bwana Anselmi, amezungumza na Hinal. Anapendelea siku hiyo iwe na sambusa, hina na ngoma yetu ya vijiti. Labda ana akili kuliko sisi wawili.

Shanta Shashikant

*

Kariakoo
18 Mei 2025

Bibi Shanta,

Uledi hakurudi Rufiji. Alikaa Buguruni, chumba kimoja, akabeba magunia ya viazi na vitunguu pale sokoni mpaka mgongo ukagoma. Alifariki mwaka wa themanini na tatu. Najua kwa sababu ni babu yangu mzaa baba. Jina langu kamili ni Swaumu Bushiri Uledi, na nililijua duka la baba yako kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Hapo nimekukosea, nakiri.

Lakini uongo huo mdogo umemuumiza mtu. Baba yangu alikuwa na miaka mitano. Watoto wa mtaani walimwita mwana wa mwizi wa sukari, walipochoka na jina refu wakabakisha Sukari. Ana miaka sabini na mitano na bado ndilo jina lake. Chai anakunywa chungu.

Na kikombe, Bibi. Unakijua kikombe kile vizuri kuliko mimi. Mtu anayeheshimiwa hatundikiwi kikombe ukutani nje, kinyeshewe mvua. La kuvunda halina ubani, na mimi sitawaandikia watoto kibandiko cha ubani.

Aliiba au hakuiba?

Swaumu Bushiri Uledi

*

Upanga
23 Mei 2025

Dada Swaumu,

Mimi Hinal. Tangu Jumatatu bibi hali chakula. Barua yako niliipeleka mimi, sikujua ina nini, na yeye haniambii. Daktari amekuja, hakuona kitu. Ameniagiza nikuambie kikombe kirudi. Saa moja baadaye akaniagiza nikuambie kisirudi. Naomba kwa sasa usiandike.

Hinal

*

Kariakoo
24 Mei 2025

Bibi Shanta,

Nimeombwa nisiandike na nimeshindwa.

Naomba radhi kwa namna nilivyosema. Nilikasirika, nikamtuma mjukuu wako akuletee moto ndani ya bahasha bila yeye kujua. Lakini nilichosema sikirudishi.

Mwalimu Anselmi amekuja ofisini. Ni mtu mwema, usimwone vibaya, anaogopa tu. Ameniambia, "Mwalimu Swaumu, nchi hii tumeishi vizuri, mambo ya rangi mnayafukua ya nini?" Nikamuuliza kama amewahi kusikia watoto wake wanavyoitana wakati wa mapumziko. Akasema sambusa ameshaagiza. Ijumaa watoto watakula sambusa iwe isiwe. Swali ni watasikia nini.

Sikulazimishi kusimama. Nataka jibu moja, hata kwenye kipande cha gazeti. Baba jana amedondosha mkasi mara tatu, vidole havishiki. Anazeeka mbele ya macho yangu akiwa mtoto wa mwizi. Kama ni kweli, niambie ni kweli nitulie. Kama si kweli, huoni ni nani anayedaiwa neno hilo?

Swaumu

*

Upanga
27 Mei 2025

Swaumu Bushiri Uledi,

Nimeliandika jina lako lote ili nilizoee.

Hakuiba.

Hinal anadhani niliugua. Niliona aibu, na katika umri wangu daktari hawezi kutofautisha. Sasa nisome taratibu, kwa sababu sijawahi kuyaandika haya.

Kwetu tulifunzwa kunywa maji bila kugusa chombo kwa midomo. Unainua bilauri juu, unamimina, unameza. Hata dada kwa dada hatukuchangia mdomo. Nimejiliwaza kwa hilo miaka mingi, nikisema ilikuwa desturi ya mate tu, hata sisi kwa sisi. Lakini bilauri zetu zilikaa kabatini. Cha Uledi kilikaa nje. Hilo nililijua nilipokuandikia neno heshima. Nililijua nikiwa na miaka minane. Niliandika hivyo kwa sababu nilitaka nife nayo hiyo hadithi ya kwanza, ni nzuri zaidi.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka wa hamsini na tano. Uledi alikuwa amejaza maji kikombe chake, amekaa uani anangoja adhana afungue. Nikaja nimetoka kucheza, kiu imenikaba, mlango wa jiko umefungwa. Nikamwomba. Alisita, nakumbuka kabisa kwamba alisita. Kisha akanishikia kikombe maana kilikuwa kizito, nami kumimina kutoka juu nilikuwa sijaweza bado. Nikanywa kwa midomo. Mama alikuwa dirishani.

Alinisugua mdomo kwa chumvi mpaka ukatoa damu. Alipomaliza akawaogopa majirani. Msichana aliyenywea kikombe cha boi, habari zake zingemfuata mpaka siku ya kuposwa. Uledi aondoke, lakini kwa sababu nyingine, na sukari ilikuwa karibu. Kesho yake baba aliwaita wenye maduka wawili wa jirani na karani wake, akamsimamisha Uledi mbele yao. Akaniuliza mimi: "Shanta, ulimwona akichukua sukari?" Mama alikuwa nyuma yangu, mkono begani kwangu. Nikasema ndiyo. Uledi alinitazama, wala si kwa ubaya. Nilingoja aseme kitu, hakusema. Akaondoka bila barua ya kazi, na bila barua ile hakuna nyumba ya Kihindi ambayo ingemfungulia mlango. Kikombe mama alikitupa, nami nikakiokota.

Mwaka wa sabini na moja nyumba yetu ilitaifishwa, tukahamia huku Upanga na masanduku matatu. Baba alilia kwamba amedhulumiwa. Mimi nikajisemea moyoni, haya, tumelipa. Lilikuwa wazo la kijinga. Uledi hakupata hata tofali kwa sisi kupoteza nyumba.

Nitakuja Ijumaa. Nina sharti moja, baba yako awepo, akae mahali ninapomwona. Uongo niliusema kwa mdomo mbele ya watu. Kweli siwezi kuipitisha chini ya mlango kwa barua.

Shanta

*

Kariakoo
31 Mei 2025

Dada Zena,

Imefanyika, na sijui kama nimejenga au nimebomoa.

Barua ya bibi, nakala nimekutilia humu, uisome ukiwa umekaa. Babu hakuiba. Siku tatu nilizunguka na jibu hilo tumboni bila kumwambia baba, kwa sababu bibi aliomba alitoe mwenyewe. Alhamisi nilimwambia tu kwamba kuna mama wa Kihindi ana neno la kusema juu ya babu. Hakuuliza ni neno gani. Ijumaa alivaa kanzu nyeupe, tukaenda.

Watoto sitini, sambusa zimefunikwa kwa kitambaa, Mwalimu Anselmi anafuta jasho. Baba akaketi kwenye dawati la nyuma, magoti yamemfika kifuani. Bibi Shanta alikataa kiti. Alisimama ameshika meza, akasimulia yote, kikombe, chumvi, sukari, ndiyo yake mbele ya watu. Kwa kuwa hasikii, watoto walimwandikia maswali. Anaeli aliandika: "Ulipokuwa mkubwa kwa nini hukurudi kusema kweli?" Bibi akalisoma kwa sauti. Akasema, "Hakuna aliyeniuliza. Na kila mwaka nilishukuru kwamba hakuna aliyeniuliza." Kisha akamtazama baba moja kwa moja, akasema, "Baba yako hakuwa mwizi. Mimi nilikuwa mwongo."

Unafikiri baba alilia? Unafikiri alimpa mkono? Aliinuka, akapita katikati ya madawati, akatoka. Nilimkimbilia hadi getini, akanionyesha kiganja kwamba nibaki. Alitembea kwa miguu mpaka Buguruni, na jua lile. Nilirudi darasani nikamkuta bibi bado amesimama, anauliza, "Amesema nini? Sikumsikia." Nikamwandikia kwenye karatasi kwamba hakusema kitu.

Mwalimu Anselmi, usiamini, ameomba turudie kwa darasa la saba. Mimi nilitaka furaha ya mtu mmoja tu. Tangu jana hajaligusia neno la bibi. Asubuhi ameniomba karatasi na kalamu, akafunga mlango.

Uliniambia nitaingia kisimani. Nimo.

Swaumu

*

Buguruni
5 Juni 2025

Bi Shanta,

Salaam. Sikuamkii shikamoo, ingawa umenizidi miaka mitatu.

Niliondoka bila kuaga. Nilihitaji kutembea. Siku sita nimeandika barua hii na kuichana, hii ya leo nitaiacha kama ilivyo.

Wewe ulisema unalolijua. Nami nikwambie usilolijua. Mwaka wa sabini na nne nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, nina cherehani yangu mwenyewe, na nilichoka kuitwa jina lile. Nikamwendea baba yangu. Alikuwa mkekani anajipaka mafuta ya nazi mabegani, pale magunia yalipomchuna. Nikamuuliza uso kwa uso: uliiba au hukuiba? Nilikuwa tayari kuamini lolote atakalosema. Angesema hapana ningemwamini nikapigane na Kariakoo nzima. Akasema, "Niliiba." Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Niliitamani."

Tangu siku hiyo sikula naye sinia moja. Salamu nilimpa, dawa nilimnunulia, lakini sikukaa naye. Wanangu nikawaandikisha shule bila jina lake. Alipofariki nilimzika kama dini inavyotaka, na sikumlilia. Nilikuwa na haki, nilidhani. Alikiri mwenyewe.

Sasa nimekaa hapa najiuliza kwa nini mtu ajitwishe wizi ambao hakuufanya, tena mbele ya mwanawe. Nimepata majibu mengi, nimeyakataa. Limebaki moja. Angenieleza kweli, ningejua kwamba iko nyumba mjini humu ambamo mdomo wake ulihesabiwa najisi, na mimi nimetoka kwake, kwa hiyo na wangu. Mwizi amefanya kosa, anaweza kuliacha. Hilo lingine mtu haliachi, amezaliwa nalo. Akaona heri nimchukie yeye kuliko nijichukie mwenyewe. Na alifaulu. Nilimchukia miaka tisa akiwa hai na arobaini na miwili akiwa kaburini.

Swaumu anangoja nikusamehe. Hasemi, lakini anapitapita mlangoni. Sijafika huko, na sijui kama nitafika. Ulikuwa mtoto wa miaka minane, hilo nimelielewa. Lakini utoto wako ulikuwa wa miaka michache, Bi Shanta. Utu uzima wako umekuwa wa miaka sitini, na soko alilobebea magunia lilikuwa hatua chache kutoka dukani kwenu.

Hata hivyo nina haja kwako. Pale darasani, ulipofika kwenye kikombe, ulisema kwamba ulipomaliza kunywa maji yake ya kufungulia, Uledi alicheka. Ulilisema kwa kupita, ukaendelea na habari ya mama yako. Mimi baada ya hapo sikusikia vizuri yaliyofuata.

Baba niliyemjua mimi hakucheka. Nilikuwa na miaka mitano alipotoka kwenu, na ya kabla ya hapo siyakumbuki. Nimewahesabu waliomjua siku zile, wote wametangulia. Umebaki wewe.

Niandikie alivyocheka. Alitoa sauti, au mabega tu yalitikisika? Alisema neno? Watoto wa shule wameshapata yao, hili usiwape. Niletee mimi, na usichelewe, wote wawili hatuna siku nyingi.

Fundi Bushiri